Futi ya Assunta

Assunta Scalzo hakuutafuta umaarufu. Umaarufu ulimkuta amepiga magoti, ameuma pini mdomoni.

Alikuwa fundi wa kurekebisha nguo kwenye karakana ya Bwana Lazar Gruber, mtaa wa washonaji, New York. Sheria yake ilikuwa moja: ukipimwa, simama. Ukitikisika, Assunta, ambaye kwa zile pini hawezi kukukemea, anakuchapa makalioni kwa futi, ule utepe wa kupimia wa shingoni mwake, paa, kisha anaendelea na pindo lake. Aliwachapa mabibi harusi, akamchapa jaji, na padri wa parokia yake alipokuja kufupishiwa joho naye hakusalimika.

Wakaja watu wa filamu, wakaomba kupigia picha pale karakanani. Bwana Lazar alidhani wanakuja kuusifu ufundi, masikini, akafagia hata ngazi. Kumbe filamu yenyewe ilikuwa ya kuwacheka wakubwa wa mitindo, na yule mwigizaji wa mbunifu mwenye maringo alimwiga Bwana Lazar kuanzia skafu hadi kidole cha kuamrisha watu. Assunta aliambiwa ashike pindo tu, basi. Mwigizaji akawa anahutubia huku anajigeuzageuza. Mazoea yana taabu, jamani: paa. Mwongozaji alicheka mpaka akakaa sakafuni, na pigo likaachwa kwenye filamu.

Filamu ilipotoka, jiji zima lilicheka isipokuwa mtu mmoja.

"Umenichapa mbele ya dunia, Assunta," alisema Bwana Lazar.

"Nimemchapa mwigizaji."

"Amevaa skafu yangu."

Akamfukuza kazi siku hiyohiyo.

Basi Assunta akafungua duka lake Bronx, ubavuni mwa muuza jibini, na mkosi ukageuka riziki. Ile filamu ilikataa kuzeeka. Mpaka leo kila masika sinema ya mtaani huionyesha, watu huja na futi shingoni, na pigo linapofika ukumbi mzima huchapana. Hata kwenye majumba ya mitindo, yaleyale yaliyochekwa, bosi akizidisha maringo wafanyakazi hutoa futi mfukoni kimyakimya, naye hujirudi. Mabibi harusi ndio usiseme. Huja kutoka mbali ili wachapwe.

"Nikitikisika kidogo tu, mama?"

"Tikisika uone."

Duka zima linacheka, na Assunta anacheka kuliko wote. Lakini alimpenda Bwana Lazar. Ndiye aliyempa sindano alipokuwa binti mgeni asiyemjua mtu mjini. Kila Krismasi Assunta alimpelekea biskuti za ufuta, na kila Krismasi zilirudishwa. Ilimuuma, na mimi nasema wazi: punda ana nafuu kwa ukaidi.

Masika haya, asubuhi ya siku ya sinema, mpwa wake Ninfa, msaidizi wake dukani, alichungulia dirishani.

"Shangazi, kuna babu kavaa skafu ya filamu. Mwaka huu hata wazee wamejipamba."

Assunta akatazama. "Hiyo si ya filamu," alisema, akavua miwani aipanguse.

Bwana Lazar aliingia kwa mkongojo, koti linampwaya. Salamu hakutoa.

"Nimesinyaa. Wajukuu wananipeleka sinema leo, na siendi kwenye filamu yangu nimevaa gunia."

"Filamu yako?"

"Bila mimi wangemcheka nani?"

Assunta akajaza pini mdomoni, akapiga magoti. Wateja kwenye benchi wakanyoosha shingo. Mzee akatikisika. Futi ikabaki shingoni. Mzee akatikisika tena, safari hii waziwazi, nyonga huku nyonga kule kama bwana harusi. Assunta akainamisha kichwa, akashika pindo. Aliogopa. Akimchapa akanuna, ndiyo basi, hatamwona tena mpaka kaburini.

Mzee akageuza shingo.

"Assunta, unangoja nini? Pigo lile lilikuwa langu, akalichukua mwigizaji. Nimelifuata."

Pini zilimzuia kujibu, na machozi yalimzuia kuona vizuri, lakini mkono ulijua njia. Paa.

"Ndilo lenyewe," alisema Bwana Lazar, akasimama wima, hakutikisika tena mpaka pindo likaisha.