Kikao Nilichokipikia Mwenyewe

Kikao cha kuamua mwanangu aende wapi nilikipikia mimi mwenyewe. Pilau ya nyama, kachumbari, na ndizi mbivu za kumalizia. Wanaume sita walikaa mkekani sebuleni kwangu, ghorofa ya tatu, mtaa wa Point, Durban. Mimi nilikuwa jikoni na mwiko, nimejifunga kipande kimoja cha kanga. Kipande cha pili kilikuwa kimepotea, na nilishagombana na jirani nikidhani amekianua kwenye kamba akakificha.

Talaka nilishapewa, wala sikuililia. Kilichobaki kilikuwa mtoto. Binti yetu alikuwa ametimiza miaka saba, na wazee wa Kitanzania pale mjini walisema umri huo ni wa kukaa kwa baba. Baba mwenyewe alikuwa akiuza mikanda karibu na ufukwe na kulala chumba kimoja na wenzake watatu. Kwa hiyo maana yake ilikuwa apelekwe Tanga, kwa bibi ambaye hata sura yake mtoto haikumbuki.

Katika vikao vyetu mwenye shida hasemi, anasemewa. Mume alisemewa na mshenga, rafiki yake aliyekuja naye Durban, yuleyule aliyeleta posa kwetu miaka ile. Mimi nilisemewa na mjomba. Hakuwa mjomba wangu wa damu. Sikuwa na ndugu mji ule, basi wakamtafuta mtu mzima wa kutoka kwetu, wakampa ujomba, naye akaupokea kwa mikono miwili.

Nikamsikia kupitia mlango: "Kwa upande wetu, tumeridhia."

Ameridhia nani? Tangu waingie, aliyefika jikoni alifika kuuliza kama kuna pilipili. Mtalaka wangu hakufungua mdomo ila kula, na alikula sahani mbili. Wakasoma dua, wakanishukuru kwa chakula, na mshenga akaondoka na pasipoti ya mwanangu mfukoni ili akashughulikie safari. Mpaka leo najiuliza kwa nini ule mwiko niliutumia kwa pilau tu.

Kesho yake kiwandani Mobeni, tulikokuwa tukishona sare za shule, nilishona shati lenye mikono miwili upande mmoja. Mama mmoja wa Kikongo, mwenzangu wa mashine ya pembeni, akaniuliza kulikoni. Nikamwambia nakwenda kortini, na liwalo na liwe.

"Eish, dada, korti hapana," akasema. "Dada yangu alienda kule. Walimuuliza mutoto, unapenda nani, mama ao baba? Mutoto alilia mpaka akatapika. Iko namna ingine. Munakaa kwa meza, wewe na avocat yako, yeye na avocat yake, munasaini karatasi ya kusema hakuna mutu ataenda korti."

Ndivyo nilivyofika kwa avocat wangu, wakili mmoja wa Morningside, mtaa wa mlimani, mama aliyejitolea kusaidia wageni siku moja kila wiki. Utaratibu ule ulikuwa mpya hata kwake. Alikuwa ameusoma kutoka nchi za nje, akamshawishi wakili mwenzake amsimamie mtalaka wangu. Sharti lilikuwa moja: mmoja wetu akikimbilia mahakamani, mawakili wote wawili wanajitoa na tunaanza upya. Mtalaka wangu alikubali upesi mno, nikashuku.

Siku ilipofika nikajua kwa nini. Alikuja na mshenga na mjomba, wamevaa kanzu zilizopigwa pasi, tayari kusema. Alidhani ni kikao kama kile, ila chenye viti. Wakili wangu akawaangalia, akasema kwa upole kwamba chumbani wanaingia wazazi wa mtoto na mawakili wao, basi. Wazee wakaachwa mapokezini na majarida ya bustani.

Mle ndani mtalaka wangu alikuwa akitoka jasho. Wakili wake mwenyewe ndiye aliyemuuliza: "Wewe, kama baba, unataka nini kwa mtoto wako?"

Akaugeukia mlango. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Nataka niwe namwona Jumamosi," akasema.

"Na Tanga?"

"Tanga walisema wao."

Nilisimama bila kujijua. "Baba mtoto, siku ile ulikuwa na mdomo au hukuwa nao? Kwa nini hukusema?"

"Haikuwa zamu yangu kusema," akajibu. "Na wewe mbona hukutoka jikoni?"

Hilo likanikasirisha zaidi. Nikamwambia kama anachosema ni kweli, akalete pasipoti. Akatoka, nami nyuma yake.

Mshenga alikuwa nayo kwenye mfuko wa kifuani. "Subiri kwanza," akasema, "tukae tulizungumze." Mjomba naye akaanza: "Kwa upande wetu, tulisharidhia..."

"Upande wetu nani, mjomba?" nikamkatiza. "Mimi ndiye upande wenyewe, na sijaridhia."

Mtalaka wangu akanyoosha mkono. "Naomba pasipoti ya mwanangu." Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa yake. Akapewa.

Tukaandika: mtoto abaki kwangu, Jumamosi kwa baba yake, asisafirishwe bila saini zetu sote wawili. Ilichukua saa moja na nusu. Nilipaswa kufurahi. Nilishuka mlima ule kwenye taksi nikiwa nimejaa hasira, kwa sababu jambo lote lingekwisha kwa swali moja ambalo wanaume sita hawakuona haja ya kuliuliza.

Nyumbani nilimwambia binti yangu hakuna safari. Akaniuliza mara mbili kama ni kweli. Kisha akaenda kuvuta kibegi chake cha shule cha zamani chini ya kitanda, nikakuta ameshakipanga mwenyewe, kumbe tangu kabla ya kile kikao, siku aliposikia wakubwa wakinong'ona. Kulikuwa na gauni la Idi, mswaki, na chini kabisa kipande changu cha kanga kilichopotea.

"Nilichukua kimoja," akasema, "kingine nikakuachia wewe."