Rangi ya Sukari Nguru

Siku ya kwanza nilifika kwenye kiwanda kidogo cha sukari nguru kule Mayoni nikiwa nimevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Fundi Mkuu alinitazama, akaegemea upawa wake mrefu, akacheka.

"Kijana, umekuja kuoa ama kupika?"

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa nina thelathini na moja, na daktari amenikataza moshi kwa sababu ya mapafu. Kwa hivyo mimi ni mstaafu, ingawa sina mvi hata moja. Nawaandikia wanaoianza kazi ile, na sitajipamba.

Miwa hukamuliwa, maji yake yakachujwa na kumiminwa kwenye karai, chombo kipana cha chuma kilichojengewa juu ya tanuri. Moto huchochewa kwa makapi makavu ya miwa ileile. Maji yakichemka, unatia chokaa kidogo. Uchafu unapanda juu kama povu, nawe unauengua. Yakiwa mazito unadondosha tone kwenye maji baridi. Likishikamana, unamimina kwenye kalibu za mbao. Sikusomea popote. Nilitazama mikono ya Fundi, nikaandika kila kitu kwenye daftari, na ukurasa wenye kosa moja niliuchana na kuuandika upya.

Jambo aliloliogopa Fundi ni miwa iliyolala, yaani iliyokatwa ikakaa siku kadhaa bila kukamuliwa. Sukari yake hutoka nyeusi na laini. "Hiyo hata ukiiombea, haiokoki," alisema.

Mimi nilitaka iokoke. Sikuweza kuvumilia bonge jeusi lenye jina langu. Niliwahi kusikia kuhusu unga mweupe wa kung'arisha vitambaa, wenye harufu kama kiberiti kilichozimwa. Nilinunua mkebe sokoni. Kijiko kimoja tu, na karai zima likageuka rangi ya asali. Wanunuzi wakaanza kuuliza, "Yule kijana wa njano yuko?" Fundi alinusa, akanitazama, hakusema kitu. Nilijiambia kwamba kunyamaza kwake ni ruhusa.

Nilifanya hivyo karibu mwaka mzima. Kisha nikampelekea kukhu, nyanya yangu anayeishi Khayega, bonge zuri kuliko yote. Kukhu ana pumu tangu zamani. Alilivunjia kwenye chai, akanywa nusu kikombe, na kifua kikaanza kupiga filimbi. Tulimkimbiza zahanati kwa bodaboda, mimi nikiwa nyuma nimemshika mabega, nikihesabu pumzi zake. Aliporudiwa na nguvu aliniuliza, bila hasira:

"Mwana wangu, hiyo sukari mnaioshanga na nini?"

Nilimwambia yote. Kesho yake nilimwambia Fundi, nikaacha kazi Mayoni. Niliapa kanisani pia, mbele ya watu, kwamba sitautumia tena unga ule.

Lakini mkebe sikuutupa. Niliuweka chini ya nguo zangu, nikisema utanikumbusha nilikotoka. Huo ulikuwa uongo wangu mtamu kuliko sukari. Mtu aliyeacha kitu kweli hakitafutii mahali pa kulala.

Nikapata kazi kwenye kiwanda kingine, karibu na kwa kukhu. Msimamizi alikuwa Mwislamu kutoka Matungu, mtu wa sauti ya chini. Nilimweleza habari za ule unga kabla hajaniajiri. Alisema tu, "Basi hapa utapika bila huo." Nilipika hivyo miaka miwili, sukari ya kahawia, safi, nami pia nikaitwa Fundi. Jina la kijana wa njano likafa.

Halafu mvua ikanyesha siku nne mfululizo. Trekta ilikwama matopeni ikiwa na shehena ya miwa, na ilipofika miwa ilikuwa imelala. Alasiri ile mnunuzi mkubwa alikuwa anakuja kwa mara ya kwanza, na Msimamizi alikuwa amemwahidi kazi ya mikono yangu. Niliengua povu hadi mkono ukafa ganzi. Maji yalibaki meusi kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Nilikwenda chumbani kwangu, nikarudi na mkebe mfukoni. Nekesa, mama aliyekuwa akichochea tanuri, aliniona nikifungua kifuniko.

"Fundi, hiyo ni chumvi?"

"Ni dawa ya rangi."

"Rangi ya nini? Si tunaila?"

 Kijiko kilikuwa kimejaa tayari. Nilisikia ile filimbi ya kifua cha kukhu, lakini nitasema ukweli: kilichonipa nguvu si upendo peke yake. Niliona pia kwamba nikikitia kijiko hicho, kesho nitahitaji kingine, na sitakuwa tena na mtu wa kumwambia ukweli. Nilirudisha unga, nikafunga mkebe, nikampelekea Msimamizi.

"Niliuficha miaka miwili," nikasema. "Leo nusura niutumie."

Aliupokea kwa mikono miwili. "Karai je?"

"Jeusi."

"Basi ni jeusi."

Mnunuzi alifika, akabonyeza bonge kwa kidole, likabonyea. "Huyu ndiye yule wa njano? Huyu ni wa mkaa!" Watu wakacheka, akaondoka mikono mitupu. Sukari ile ililiwa na ng'ombe. Mimi niliitwa Mkaa hadi siku niliyoondoka, na kila mara niliposikia jina hilo lilinichoma. Bado linanichoma.

Msidhani kustaafu kumenimaliza tamaa. Nikipita sokoni nikaona mabonge ya njano, vidole vyangu vinakumbuka uzito wa kijiko. Sijidai kuwa nimeshinda. Nasema tu kwamba sina mkebe.

Jumapili iliyopita nilimpelekea kukhu bonge la mwisho nililopika, la kahawia iliyokolea, lenye ufa upande mmoja. Ufa ule ulinisumbua njia nzima. Yeye hakuutazama. Alilivunja papo hapo kwenye ufa, akatia kipande kwenye chai, akanywa. Nilianza kuhesabu pumzi zake, kimoyomoyo, kama kawaida yangu.

"Unahesabu nini wewe?" akaniuliza, akisogeza kikombe kitupu. "Niongezee."