Maepo ya Maana

Mwanangu, kuna siku baba yangu alirudi kutoka sokoni amebeba jogoo, na mpaka leo nikifunga macho namwona yule jogoo vizuri kuliko ninavyomwona baba mwenyewe. Upanga wake wa kichwani ulikuwa mwekundu, unang'aa. Kwetu magharibi mgeni wa heshima ni lazima aone kuku, na siku hiyo shemeji yake baba alikuwa ameshakaa kwa kiti anangoja. Baba akapita katikati ya barabara makusudi, watu waone. Halafu mvua ikanyesha. Alipofika nyumbani ule upanga ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, na jogoo ameinamisha kichwa kama mtu anayesoma. Alikata roho kabla maji ya kumnyonyolea hayajachemka. Mama akagusa upanga, akanusa kidole, akamwambia baba bila kupaza sauti, "Umenunua mafuta ya kung'arishia upanga. Jogoo ulipewa wa kuyabebea."

Mgeni alikuwa amemwona jogoo akiingia, na akamwona akipelekwa nyuma ya nyumba miguu juu. Akaletewa maharagwe. Akala, akayasifu, na jogoo hakumtaja mpaka akaaga. Huyo mgeni mweke akilini.

Mimi sikusoma sana. Nikiwa darasa la tatu ng'ombe walinihitaji kuliko mwalimu. Kwa hivyo nikitaka kufika mahali naenda kwa miguu, nazunguka, unisamehe. Nilitaka kukuambia juu ya maepo, yale mwalimu angeyaita matufaha.

Nilipokuja Eldoret kutafuta kibarua, epo lilikuwa tunda la mgonjwa. Ukionekana nalo mkononi watu wanakuuliza nani amelazwa. Siku hizi yako kila kona ya mji, yamepangwa kama piramidi, na muuzaji anayapangusa moja moja na kitambaa utadhani ni viatu vya mkubwa. Mke wangu, Mama Nafula, hajawahi kununua kwa piramidi. Anatoka hapa kwetu Kapsoya jioni jioni, wakati wauzaji wamechoka na hawataki kurudi na mzigo, anachukua kwa fungu yale madogo ya kijani yanayotoka mashamba ya huko juu. Yana makovu, yana vidonda, hayana uso. Kila moja analipima kwa mkono aone kama ni zito kuliko umbo lake. Analinusa pale kwa kikonyo. Akisikia harufu ya pombe analiacha, na mimi pia aliwahi kuniacha nje kwa sababu hiyo hiyo, lakini hayo tuyaache.

Akifika nyumbani anatenga. Yenye vidonda hayalali na mazima, yanapikwa siku hiyo hiyo. Nyanya zikipanda bei anakatakata epo, analikaanga na kitunguu mpaka linayeyuka, ndipo anatia kabichi, na hutajua kama nyanya haikuja. Kwa uji analitumia badala ya ndimu. Maganda anayachemsha na tangawizi, tunakunywa. Mara ya kwanza alipoleta hiyo kabichi mezani nilimuuliza nani mgonjwa. Akanipakulia. Nilikula, nikaongeza.

Sasa, Nafula ni kitinda mimba wetu, anauza dawa za mifugo kwa duka moja pale mjini. Akapata kijana anaitwa Evans. Viatu vyake vilikuwa safi hata wakati wa matope, na wewe unajua matope ya hapa. Siku ya kwanza alimletea Mama Nafula epo moja kubwa jekundu, limebandikwa karatasi yake, ndani ya mfuko wa supamaketi. Nani angethubutu kulikata? Tuliliweka kwa kabati karibu na runinga. Likakaa. Tukawa tunalipangusa vumbi. Pasta alikuja kutuombea akalisifu. Mwisho Mama Nafula akalipasua, na ndani lilikuwa kama godoro kuukuu. Nilimkumbuka jogoo wa baba. Lakini nilinyamaza, kwa sababu Nafula alikuwa ameanza kucheka peke yake akifua, na kicheko hicho sikuwa nimekisikia nyumbani siku nyingi.

Akamwambia mama yake kwamba Jumapili Evans atakuja na binamu yake kula chakula, na kabla hawajaondoka yeye mwenyewe atampa Evans jibu, kama watu wake waje kuongea mambo ya mahari au wasije. Mimi usingizi ulinipotea. Mtoto ni wa mwisho, na jibu ni lake.

Jumapili walipofika, nyanya zilikuwa hazishikiki. Mama Nafula na Nafula walikuwa wamekaa nje ya mlango wa jikoni na beseni la maepo, wanamenya. Binamu, kijana mnene anaitwa Wanyama, aliwasalimia, akavuta ndoo, akaketi, akachukua kisu bila kuambiwa. Evans akabaki wima. Akachungulia beseni.

"Nafula, hizi si ni za nguruwe?"

"Ni za kabichi."

Mama Nafula akamnyooshea kisu, upande wa mpini. "Kijana, toa kidonda tu. Iliyobaki ni epo kama lile lako."

Evans akacheka. Akamwambia Nafula, mbele ya mamake, "Ukikuja kwangu hii maneno ya kuokotaokota utawachana nayo."

Nafula hakuinua kichwa. Ganda lilikuwa linashuka refu kutoka mkononi mwake bila kukatika. "Evans, hizi ndizo zimenilea. Menya moja tu, halafu tuongee."

Evans akaangalia viatu vyake. Akasema, "Wacha nitoke hapo nje nilete maepo ya maana."

Nikamwambia asikawie, chakula kiko karibu. Sikumwambia kwamba sufuria ya pili ilikuwa na kuku, na firigisi, kipande cha mgeni wa heshima, nilikuwa nimeamua kumpa yeye. Mwanangu, yule mgeni wa baba angekula kabichi, akaisifu, na kuku angemfuata pale pale mezani.

Tulingoja. Kabichi ikapoa. Nikamuuliza Wanyama kama bado anamngojea ndugu yake.

"Mzee, mimi nangojea chapati."

Nafula akacheka. Kicheko kile kile. Hapo nikajua jibu ameshalitoa na moyoni mwake hakijavunjika kitu, nikampa Wanyama firigisi.

Basi shika haya. Epo linunue kwa mkono na pua, macho yaje mwisho. Nenda jioni, usione haya kuuliza yenye vidonda, na usitupe maganda. Na mtu akikutaka, kabla hujampa jibu mpe kisu na beseni, kisha mwangalie. Mungu akujalie jiko lisilozima, na mtu wa kuketi kwa ndoo karibu nawe.

Na Evans pia ambariki. Siku ile alipotoka nilisimama kwa geti nikamwona. Alifika kwa muuzaji wa kwanza, piramidi inang'aa, akampita. Akampita wa pili. Akakung'uta kiatu kwa ukingo wa lami, akashika njia ya kwenda mjini, na hakugeuka.