Mama Nani

Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa mama yangu, na Bagara nzima, mtaa wetu wa Babati, ilimwita Mama kwa jina langu. Nililionea fahari jambo hilo. Wadogo zangu walipoleta kiburi niliwakumbusha kwamba mama ana jina langu, si lao.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya. Babati ilijaa mafundi na wageni wa maofisini, na mama aliwauzia chai na maandazi karibu na stendi. Siku moja ya mnada akaingia mwanamke wa makamo kutoka upande wa Hanang, shuka begani, miguu imejaa vumbi. Alimtazama mama, fimbo ikamponyoka, akamwita Mama kwa jina la msichana nisiyemjua.

"Umenifananisha," mama akamjibu. Lakini chai aliyokuwa akimimina ilijaa kikombe, ikajaa kisahani, ikamwagika mezani. Mgeni aliondoka bila kunywa. Nilipouliza msichana huyo ni nani, nikatumwa maji, na ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Niliuliza tena nilipomaliza shule. Nikauliza nilipoolewa. Mama hakukasirika, na hilo ndilo lililonichosha. Aliniuliza tu kama nimekula. Unamuuliza mtu habari za dada yako, yeye anakuletea habari za ugali. Mwisho nikajijibu mwenyewe kwamba mtoto yule alikufa, na mama hataki kutoneshwa kidonda.

Basi nilipojifungua binti, nikampa jina lile. Kwa watu nilisema ni jina la ukoo, lakini nia yangu ilikuwa kumbana mama. Sasa angesema, atake asitake. Alipokuja kumwona mjukuu aliuliza anaitwa nani, nikamwambia. Akamfuta mtoto maziwa mdomoni.

"Umempa jina la mtu aliye hai," akasema. "Nilipoachana na mume wangu wa kwanza, ndugu zake walimzuia mtoto. Nikatoka peke yangu."

Nikasubiri aendelee. Yuko wapi? Anajua kwamba mimi nipo? Kwa nini hukumfuata? Mama akanirudishia mtoto, akasema ana njaa, nimnyonyeshe. Nilitamani kupiga kelele. Binti yangu sasa anasoma sekondari na mama hajaongeza hata neno moja. Sasa mtaa mzima unaniita mimi Mama kwa jina la dada ambaye nikipishana naye sokoni sitamjua. Nikilifikiria hilo hasira zinanipanda mpaka nashindwa kula, na mama, ambaye siku hizi anaishi kwangu, anauliza kama chakula kina kasoro.

Juzi tulikuwa uani tukichambua maharage. Mtu akabisha hodi getini, sauti ya kike, akaita Mama kwa jina hilo. Kabla sijafungua mdomo, mama akaitika, "Abee." Akainuka ghafla, maharage yakamwagika chini, akaenda getini mbio, yeye ambaye kila asubuhi analalamikia magoti. Akafungua.

Alikuwa jirani, amekuja kuazima ungo. Mama akamwangalia usoni, akaiangalia na barabara nyuma yake, huku na huku. Kisha akamwambia kwamba anayeitwa yuko uani.