Nilivyokwama uani kwa baba mkwe, ndani ya gari lenye mlango usoni

Wakuu, wakubwa shikamooni, rika langu mambo.

Ninayoandika hapa yamenitokea mimi mwenyewe. Nimeyasoma mara nne kabla ya kuyapandisha, na palipokuwa na chumvi nimepunguza. Kilichobaki, hata kikionekana cha ajabu, ndivyo kilivyokuwa.

Nijieleze kidogo. Ni kijana wa Kagondo, Bukoba. Nimemaliza chuo juzijuzi, nina kazi ya mkataba ya kuingiza takwimu za mashamba ya kahawa kwenye kompyuta. Ugonjwa wangu ni kuwaza kupita kiasi. Mtu akinijibu "sawa" tu kwenye WhatsApp, siku yangu imeharibika.

Sasa gari.

Nilikutana nalo kwa Mzee Sudi, fundi cherehani mstaafu pale mjini. Lilikuwa stoo, chini ya magunia. Alilirithi kwa baba yake, ambaye naye aliachiwa na daktari mzungu aliyerudi kwao zamani sana.

Wakuu, kuna kipindi huko Ulaya walitengeneza vigari vidogo vya kubana mafuta. Hiki ni kimojawapo. Umbo la yai. Taa kama macho ya chura. Injini ndogo kama ya pikipiki, iko nyuma. Mlango ni mmoja tu, uko MBELE, usoni kabisa. Unafunguka kama wa friji, na usukani unatoka nao. Wanakaa watu wawili, ila wawe wanapatana.

Msiniulize chapa. Nembo iling'oka kabla sijazaliwa.

"Lina matatizo gani, mzee?" nilimuuliza.

"Mwanangu, gari hili halina matatizo. Lina tabia."

Nikalinunua. Tabia zenyewe ni hizi. Ndani ni joto kama tanuri la mkate. Linapiga kelele kuliko mwendo wake. Vipuri havipo duniani, fundi wangu anachonga vya bodaboda mpaka vikubali. Gia ya rivasi inaingia ikijisikia.

Lakini raha yake! Sijawahi kukutana na mtu aliyenuna mbele ya gari lile. Siku moja trafiki alinisimamisha, akalizunguka mara mbili, akacheka peke yake, akasahau alichotaka kuniuliza.

Kosa langu kubwa lilikuwa paa. Lilikuja na paa la turubai la kukunja. Wazungu wenye magari haya wana vikundi mtandaoni, na humo waliandika wazi kwamba paa hilo ndiyo njia ya dharura, kwa sababu mlango ukizibwa huna pengine pa kutokea. Nilisoma. Niliwaza wiki nzima. Nikaona mvua ya Bukoba ni hakika, dharura ni labda. Nikaenda kwa fundi, akapigilia bati.

Basi ikafika siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Koku, mchumba wangu, huko ndani ndani Muleba. Baba yake, Mzee Kamugisha, ana sifa ya kukataa watu. Kijana aliyenitangulia alikwenda na gari kubwa la kuazima, mzee akajua, ikaishia hapohapo. Na Koku alishanionya: baba akisema hapana, yeye hatavuka neno lake.

Nikaanza kuwaza. Nikienda na bodaboda, atasema sina kitu. Nikikodi gari, atasema mwongo. Nikienda na langu, angalau ni langu.

Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, Ta Byabato ("Ta" kwetu ni kama "Mzee"), mtu mwenye mwili. Alivaa kanzu na koti, akapakata kibuyu cha rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nikamfungia mlango mapajani.

Njia nzima ilikuwa maneno. Kwenye mlima mmoja bodaboda akaja sambamba na sisi, abiria wake akachungulia, akatuita kwa lile jina la utani la sisi Wahaya.

"Nshomile! Mmeanza kusafiri ndani ya friji?"

Ta Byabato akamjibu kwa utulivu, "Ndiyo, waitu. Tusioze kama wewe."

Tukafika salama. Kutoka barabarani kuna kinjia kinapita katikati ya kibanja, shamba la migomba, mpaka uani. Nilitaka tushukie barabarani.

"Mkwe hashuki njiani kama muuza dagaa," akasema baba mdogo. "Ingia mpaka ndani."

Nikaingia. Usiku wa kuamkia siku hiyo kulinyesha. Pale uani wametandaza majani mabichi, wazee wamekaa kwenye viti kwa mstari. Nikakanyaga breki. Gari likateleza polepole, kwa adabu kabisa, likaenda kuegemeza uso wake kwenye mgomba.

Si mgomba wa hivihivi. Ni ule wa mbele ya nyumba, wenye mkungu mkubwa uliokomaa.

Nikasukuma mlango. Kidole kilipita. Mtu hapiti.

Nikatafuta rivasi. Haikujisikia. Gia ikakwama kwenye namba moja, injini ikazima.

"Sukuma kwa nguvu," akasema baba mdogo.

"Nitaangusha mgomba wa baba mkwe kabla hata ya salamu?"

 Baba mdogo akalitazama paa. Akagonga bati mara moja. Mimi sikumwangalia.

Kule kwenye viti hakuna aliyeinuka. Ni desturi, wenyeji wakishakaa wanasubiri mgeni ashuke aje asalimie. Sisi tunawasubiri wao, wao wanatusubiri sisi.

"Ita basi, Ta," nikamwambia.

"Niwasalimie wakubwa nimekaa? Wewe piga honi."

Nikawaza honi. Honi ya gari lile inalia kama bata. Kumpigia baba mkwe honi nyumbani kwake ni kumwita. Kumwita ni kumwamuru. Kumwamuru ni kukosa mke. Nikatoa mkono kwenye honi. Nikaurudisha. Nikautoa.

Vioo vikaanza kuwa na ukungu. Baba mdogo akafungua kibuyu.

"Ta, hiyo ni ya wakwe!"

"Nikifa humu wataipata yote?"

Nikamsikia Mzee Kamugisha akiwaambia wenzake, "Hawa wanangoja kufunguliwa mlango. Mabosi hawa."  Nikamwona Koku dirishani, kashika kichwa.

Aliyetuokoa ni shangazi yake, Ma Justa. Uvumilivu ulimshinda, akaja akalizunguka gari. Upande wa kulia, hakuna mlango. Kushoto, hakuna. Nyuma, injini.

"Mawe, mama yangu! Halina mlango! Hawa watu wamezaliwa humu?"

Nikamwonyesha mgomba kwa kidole. Nikamwonyesha mlango. Nikamwonyesha mikono miwili ya kuomba msamaha.

Alipoelewa alikaa chini kwenye majani akacheka mpaka kilemba kikamtoka. Wazee wakaja. Wakajaribu kusukuma, magurudumu yamekaza. Basi wanaume sita wakashika chini, mmoja akahesabu, wakalinyanyua gari zima na sisi tukiwa ndani, wakatubeba mpaka katikati ya uwanja.

Ma Justa akaongoza njia kwa vigelegele. "Zamani bibi harusi ndiye aliyebebwa kwa machela! Leo tumeletewa bwana harusi wa kubeba!"

Wakatutua. Nikafungua mlango, nikapiga magoti palepale nikasalimia, jasho linachuruzika. Nikajua habari yangu imekwisha.

Tukaletewa kahawa ya kutafuna. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya majibu: mkataba wangu unaisha lini, nitajenga wapi, tutasali parokia gani. Mzee hakuuliza hata moja. Alilitazama gari, kisha akanitazama mimi.

"Humo ndani mmekaa muda wote ule. Honi ilikuwa mbovu?"

"Nzima, baba."

"Kwa nini hukupiga?"

Sikuwa nimeandika jibu la hilo. Nikasema ukweli. "Niliogopa ingeonekana nakuita."

 Kisha akamgeukia Ta Byabato.

"Yule wa kwanza alipiga honi kuanzia barabarani mpaka hapa mlangoni," akasema. "Huyu alikuwa tayari kufa kwa joto. Na Koku wetu hajawahi kuogopa kumsumbua mtu. Watasaidiana. Lete hicho kibuyu."

Kibuyu kilikuwa nusu. Baba mdogo akasema barabara ina mashimo.

Wakuu, nilichojifunza. Gari la zamani linauzwa na shida zake zote, na shida hizo mwenye kulitengeneza alishazifikiria. Usizibe paa lake eti una akili kumzidi. La pili, ukikwama, sema. Watu hawawezi kukubeba kama hawajui umekwama.

Jumapili iliyopita Mzee Kamugisha aliniomba nimpeleke misa na gari. Baada ya misa alibaki ndani robo saa nzima, mlango umefungwa, anapungia watu mkono mmoja mmoja. Nilikwenda mbio nikamuuliza kama amekwama.

"Nenda kasalimie watu," akaniambia. "Nitakuita."

Mwenye uzoefu na vigari hivi ashushe maoni. Wa "peleka kwenye chuma chakavu" nawaheshimu, ila mkwe wangu anasoma huu uzi.