Kuku wa Msahaulifu

Neno "msahaulifu" liligharimu kuku jike mmoja. Nimehesabu mara mbili, bado sijui aliyelipa hasa ni nani.

Miaka ile ya vita ng'ambo ya Ruvuma nilikuwa nauza makopa, mihogo mikavu, kwa mafungu katika soko la Chikongola. Mteja akinikumbusha bei ya jana, namwambia, "Nisamehe, mimi msahaulifu." Yeye huongeza kidogo, nami hukumbuka kidogo. Soko zima lilijua kwamba kwangu neno hilo si ugonjwa, ni kuanza kupatana.

Mwanamke mmoja aliyekimbia vita alilala kwangu, mtaa wa Rahaleo, siku nne. Akiondoka alinitajia kijiji anachokwenda, nimwelekeze kaka yake akitokea. Nikafunga fundo kwenye pembe ya kanga, kama mama alivyonifundisha.

Kaka alifika sokoni baada ya mwezi na ushei, miguu imevimba, akamuulizia dada yake. Nikashika pembe ya kanga. Fundo lipo, limekaza. Lakini fundo hukumbusha tu kwamba kuna jambo. Jambo lenyewe halikutajii.

"Nisamehe, kaka," nikasema. "Mimi msahaulifu."

Muuza dagaa wa meza ya pili akacheka, akamshauri mgeni aongeze kidogo, nitakumbuka. Mgeni hakucheka. Alikwenda akarudi na kuku, miguu imefungwa, akamweka juu ya makopa yangu.

"Sina kingine, dada. Sasa kumbuka."

Nikaapa kwamba safari hii ni kweli. Kila nilivyozidi kuapa, ndivyo alivyozidi kuniona napandisha bei. Mwisho akaenda zake bila kuaga, kuku akamwacha.

Siku ya tatu, nikipanga mafungu, jina la kijiji likaja lenyewe. Nikatembea hadi kijijini, mbele ya Naliendele. Dada yupo, analima, kaka hajafika. Tangu hapo nilimuuliza kila atokaye ng'ambo. Hakuna aliyemwona.

Kuku aliatamia, akaangua tisa. Kuhesabu tena, wanane, mwewe kapita. Nikampelekea dada vifaranga wote, na mama yao. Hakuwapokea.

"Huyo kuku ni bei ya mimi kupatikana," alisema. "Nimepatikana?"

Sikula hata yai. Siku hizi nikisahau nasema sijui, basi. Lakini kuku wanazidi kuzaana uani, na hakuna hata mmoja aliye wangu. Wewe unayesoma, nishauri: nimrudishie nani?