Ukuta Ulioinamia Wageni

Immaculata aliuza mchele katika soko la Mpanda, na katika biashara hiyo hakumwamini mtu. Gunia likishushwa mbele yake, mwenye gunia angeweza kuapa kwa watakatifu wote. Yeye alichukua bambo lake, kile chuma chembamba kilichochongoka chenye mfereji, akalichoma gunia ubavuni, kisha chini kabisa, akachungulia punje zilizotoka. Juu ya gunia, alisema, kila mchele ni mzuri.

Alipoanza kujenga nyumba yake Misunkumilo, bambo aliliacha sokoni. Fundi aliyemchukua ni Deo, mtoto wa dada yake wa Kibaoni, kijana mpole aliyeimba besi kwenye kwaya. "Damu haiwezi kukudhulumu," aliwaambia wenzake sokoni. Ni msemo ambao mtu yeyote aliyewahi kugawana shamba la urithi angeucheka, lakini wenzake walikuwa na adabu.

Deo hakumdhulumu, hilo lisemwe mapema. Hakuiba saruji, hakuja kazini amelewa, simu yake haikuzimwa. Tatizo lilikuwa ukuta wa upande wa barabarani. Ulikuwa wa tofali za kuchoma na udongo, ukapanda vizuri mpaka usawa wa magoti, na baada ya hapo ukaanza kuwa na mawazo yake. Immaculata aliuona. Kila jioni alifunga meza, akapanda bodaboda na maneno makali ameshayapanga mdomoni, na kila jioni Deo alishuka, akapangusa mikono, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huku?"

"Hatujambo. Pole na soko."

Mtu aliyepewa pole ya soko ataanzia wapi kusema kwamba ukuta umepinda? Na akimfukuza kijana, dada yake Kibaoni angepata habari kabla Deo hajanawa udongo. Basi aliuliza kama wamekula, akarudi kwenye chumba chake cha kupanga.

Mawingu, kwa upande wao, hayakuwa na ndugu Kibaoni. Yalikuwa yakijikusanya. Kila mtu Katavi anajua mvua inaufanyia nini ukuta wa udongo usio na bati: inaurudisha ulikotoka. Na hakuna fundi mwenye akili anayepandisha bati juu ya ukuta uliolala. Jasho lote la Immaculata tangu afiwe na mumewe lilikuwa limesimama pale kiwanjani, limeelekea kidogo barabarani.

Ndipo Nkwabi alipokuja kununua mchele. Nkwabi naye alikuwa fundi wa nyumba, Msukuma mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Yeye na Immaculata walikuwa na ule utani wa Wasukuma na watu wa Mpimbwe, kwao Immaculata, ambao pale sokoni hakuna aliyejua ulianza lini, wala aliyekuwa tayari uishe.

"Huu nao ni mchele, au chakula cha kuku?"

"Wa kuku umeisha. Huu ni wa watu, ndiyo maana huutambui."

Nkwabi aliliokota bambo mezani bila kuomba, akalichoma gunia chini kabisa, akamwaga punje kiganjani. "Chenga tupu," alisema. "Wamekuibia wewe, na wewe unataka uniibie mimi."

Ilikuwa kweli, zilikuwa chenga; kwa mawazo ya ukuta, gunia lile alilipokea bila kulichoma. Immaculata aliziangalia muda mrefu kuliko zilivyostahili. Ikamjia kwamba tangu aanze kujenga hakuna mtu aliyemwambia neno baya, na kwamba huenda hiyo ndiyo shida yake.

"Njoo uone ukuta wangu," alisema.

"Na ukuta nao unauza?"

Alikuja Jumapili, Deo akiwa kwaya. Akatundika timazi, uzi wenye chuma kizito mwishoni, akautazama uzi, akautazama ukuta.

"Ukuta wako una adabu kuliko mwenyewe," alisema. "Unainamia wageni."

Immaculata alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipokwisha kutoka ya kicheko yakaendelea kutoka. Nkwabi alisubiri, kisha akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba ushushwe mpaka magotini, na wiki hii hii.

Lakini mdomo wa fundi ni mdomo wa gunia. Safari hii Immaculata hakumjibu papo hapo. Aliuliza nyumba ya mwisho aliyoijenga iko wapi, akaenda Makanyagio peke yake, akapiga hodi. Mwenye nyumba, mfanyabiashara wa vitenge aitwaye Hadia, alifungua.

"Karibu. Umekuja kuomba maji ya kunywa?"

"Ndiyo, dada."

"Mwenzio aliyetangulia aliomba choo. Ni fundi Nkwabi, siyo? Ingia tu uangalie."

Immaculata aliona haya, kisha akaingia. Hakutazama sebule. Aliinama nyuma ya kabati, akapapasa ukuta kule chini, mahali ambapo mgeni hafiki.

"Ana mdomo," Hadia alisema. "Kamtukana mume wangu, kamtukana mama mkwe, kamtukana mpaka mbuzi. Lakini mvua ikinyesha, milango yangu inafungika."

Ikabaki kazi ngumu. Jumatatu alikwenda kiwanjani mapema, kabla ya soko.

"Shikamoo mama mdogo."

"Ukuta umepinda, Deo." Marahaba aliisahau kabisa.

Deo aligeuka akautazama, na hakuutazama kama mtu anayeuona mara ya kwanza. "Tangu usawa wa magoti," alisema.

"Ulijua?"

"Nilijua. Kila siku nasema leo nitamwambia. Ukifika unaniuliza kama nimekula."

Walisimama bega kwa bega, mtu na mwanawe. Wote wawili walikuwa wameujua ukuta ule siku zote. Walichokosa ni mtu wa kuutukana.

Ulishushwa wiki hiyo. Nkwabi akaongoza kazi, Deo akabaki chini yake, jambo lililomuuma, lakini alibaki. Dada wa Kibaoni aliambiwa kwamba fundi ameongezwa, na huo haukuwa uongo. Nkwabi alimwita kijana "Baba Paroko," akamlazimisha kutundika timazi kila baada ya kozi tatu za tofali. Bati la mwisho lilipigiliwa upepo ukiwa umeshaanza kunukia mvua.

Ilipomwagika ile kubwa ya kwanza, Immaculata alikuwa ndani, yeye na magunia yake. Deo aliingia mbio, amelowa chapachapa. Midomo yake ilicheza, lakini bati lilinguruma hivi kwamba shikamoo yenyewe haikufika. Akainua macho juu, akasogea mpaka sikioni.

"Mama mdogo, panavuja. Pale kwenye kona ya fundi Nkwabi."

Kweli, tone lilikuwa likidondokea gunia la pembeni. Immaculata alilivuta gunia, akaweka sufuria mahali pake, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeletewa habari mbaya. Kesho Nkwabi angesikia cha kusikia.

"Umekula?" alimuuliza kijana.

"Sijala," Deo alisema. "Lakini panavuja."